Tumbo Likijisokota, Usingoje Asubuhi

"Tumbo linanisokota." Kila mama ameyasikia maneno hayo nyumbani kwake. Mtoto huyasema akila maembe mabichi, binti huyasema kila mwezi, na baba huyasema baada ya sherehe. Mara nyingi ni jambo la kupita. Mgonjwa hupewa chai ya tangawizi, akalala, na asubuhi akaamka mzima.

Lakini ipo siku ambayo maneno hayo huwa kweli tupu. Utumbo wenyewe umejizungusha na kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Chakula hakipiti, hewa haipiti, na hata damu haipiti. Siku hiyo tangawizi haisaidii, na asubuhi inaweza kuwa mbali mno.

Hebu tuingie katika nyumba moja. Mfano huu tumeutunga, lakini mama yeyote wa Tarime au Serengeti ataitambua nyumba hiyo.

Ni msimu wa palizi huko Manchira, katika Wilaya ya Serengeti. Kijana wa miaka 24, mwenye mke na mtoto mmoja, ameshinda shambani tangu alfajiri bila kula. Jioni anarudi na njaa kali. Anakula ugali mkubwa wa mtama na muhogo, anashushia na maji mengi, kisha anakwenda kulala. Usiku wa manane anaamka na maumivu ya tumbo. Yanakuja kwa mawimbi: yanabana, yanaachia, yanabana tena. Kulipokucha tumbo limeanza kujaa. Bibi anasema ni chango, anachemsha mizizi. Jirani anasema ni vidonda vya tumbo, analeta vidonge. Mchana tumbo limekaza kama ngoma. Jua linapozama mgonjwa ameanza kutapika, na wazee wanasema, "Tungoje kupambazuke, tutaona."

Je, wewe ungefanya nini?

Utumbo hujisokotaje?

Mama aliyewahi kuosha matumbo ya mbuzi anaijua siri hii kuliko anavyodhani. Utumbo haukai ovyo ndani ya tumbo. Umeshikiliwa na utando mwembamba wenye mafuta, na ndani ya utando huo imo mishipa ya damu inayoulisha. Binadamu naye yuko hivyo hivyo. Utumbo wake mwembamba una urefu wa mita 6 hivi, na utumbo mpana mita moja na nusu. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kabla haujafika kwenye njia ya haja kubwa, imepinda kama herufi S.

Kwa watu wengine sehemu hiyo yenye umbo la S ni ndefu kupita kawaida, na shina la utando wake ni jembamba. Inaning'inia kama kiroba kilichofungwa kwa kamba moja. Kikijaa na kuwa kizito, huweza kuzunguka kwenye kamba yake. Kinapozunguka, mlango wa kuingilia na wa kutokea vyote hufungwa. Hewa inayozalishwa ndani hukosa pa kutokea, na tumbo huvimba. Mishipa ya damu nayo husokoteka, na utumbo usiopata damu huanza kufa. Hilo ni jambo la saa chache, wala si la siku. Utumbo uliokufa ukitoboka, uchafu humwagika ndani ya tumbo, na hapo maisha yamo hatarini.

Iko aina mbaya zaidi, ambapo utumbo mwembamba hujizungusha juu ya ule mpana na kufunga fundo kabisa. Fundo hili lajulikana sana Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 daktari wa upasuaji J. J. Shepherd, akiwa Kampala, aliandika habari za wagonjwa 92 wa fundo hilo nchini Uganda, na mwaka 1968 akaandika tena juu ya wagonjwa 425 wa utumbo mpana uliojisokota. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, madaktari Phillipo Chalya na Joseph Mabula walichapisha mwaka 2015 taarifa ya miaka 5 ya wagonjwa wa namna hizi mbili waliotibiwa Bugando, Mwanza. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Basi hii si habari ya nchi za mbali. Ni habari ya nyumba zetu.

Kwa nini vijana?

Huko Ulaya na Marekani, utumbo mpana kujisokota ni ugonjwa wa wazee, hasa wale wanaokaa kitandani na kufunga choo kwa miaka mingi. Afrika, na pia katika milima ya Bolivia na Peru, mambo ni tofauti. Huwapata watu walio katika umri wa kufanya kazi, na hasa wanaume.

Sababu kubwa ni ule urefu wa utumbo ambao mtu huzaliwa nao au huupata kadiri anavyokua. Juu ya hiyo huongezeka namna ya kula. Mtu anayeshinda na njaa kutwa nzima, kisha akala mlo mmoja mkubwa na kunywa maji mengi kwa mara moja, huujaza utumbo mwembamba ghafula. Madaktari wengi wanaona kwamba uzito huo wa ghafula huweza kuuzungusha. Sababu nyingine ni kufunga choo mara kwa mara, makovu yaliyobaki ndani baada ya upasuaji wa zamani, na kwa watoto, minyoo mingi iliyojikunja pamoja.

Wako pia wachache waliozaliwa na utumbo usiokaa mahali pake. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, matumbo yake hutoka nje kwa muda kwenye kitovu, kisha hurudi ndani huku yakizunguka na kujipanga. Yasipojipanga vizuri, utumbo mwembamba hubaki umening'inia kwa shina jembamba. Wengi wa hao huugua wakiwa wachanga, na dalili kubwa ni mtoto mchanga kutapika matapishi ya kijani. Mtoto huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Lakini wengine hukua hadi ujanani, wakisumbuliwa na tumbo kila baada ya muda. Watu huwaita wadhaifu wa tumbo, au husema wana vidonda. Kisha siku moja utumbo hujisokota kabisa.

Swali ambalo mama huona haya kuuliza

Daktari akimfikia mgonjwa wa namna hii, moja ya maswali yake ya kwanza ni hili: "Umepata choo? Umetoa upepo?" Wengine hucheka. Lakini jibu la swali hilo hutenganisha tumbo la kawaida na tumbo la hatari. Mwenye kuharisha anatoa. Mwenye gesi ya maharage anatoa, tena sana. Aliyejisokota utumbo hatoi choo wala upepo.

Hapa ndipo penye taabu yetu. Katika mila za Wakurya na za majirani zao, kijana akishatahiriwa huhama nyumba ya mama yake, na yako mambo ambayo mama na mwana wa kiume hawazungumzi. Habari ya choo ni mojawapo. Kijana atavumilia, atajikunja kitandani, atasema "Ni tumbo tu, mama," na mama kwa heshima hataendelea kuuliza. Heshima hiyo ni njema, lakini isiwe sababu ya kumzika kijana. Kama wewe ni mama yake na huwezi kuuliza, mtume kaka yake, babu yake, au kijana wa rika lake. Na kama ana mke, mke ndiye wa kuuliza. Yeye hana haya ya kumwonea mumewe.

Hizi ndizo dalili za kuangalia:

1. Maumivu ya tumbo yanayobana na kuachia, kisha yanakuwa makali bila kupumzika.

2. Tumbo kujaa na kukaza. Ukiligonga kwa vidole hutoa mlio kama ngoma. Mara nyingine upande mmoja huvimba kuliko mwingine.

3. Kukosa choo na kukosa upepo kabisa.

4. Kichefuchefu na kutapika. Utumbo mpana ukijisokota, kutapika kunaweza kuchelewa. Ukiwa utumbo mwembamba, kutapika huanza mapema, na matapishi huwa ya kijani au ya manjano.

Na hizi ni dalili kwamba utumbo huenda umeanza kufa: homa, jasho la baridi, mapigo ya moyo kwenda mbio, tumbo gumu kama ubao lisilotaka kuguswa, au damu kutoka njia ya haja kubwa. Jihadhari pia na maumivu yanayokoma ghafula huku mgonjwa akizidi kulegea. Watu hushukuru, "Amepata nafuu." Kumbe utumbo umekufa ganzi.

Fahamu tena kwamba lile fundo la matumbo mawili halijazi tumbo sana mwanzoni. Mgonjwa huzidiwa upesi, mikono inakuwa ya baridi, anaishiwa nguvu, nalo tumbo bado si kubwa. Na kwa vijana ugonjwa mara nyingi huja kwa kasi kuliko kwa wazee. Kwa hiyo usisubiri dalili zote zikamilike. Si kazi yako kulijua jina la ugonjwa. Huenda ni kidole tumbo, huenda ni ngiri iliyobanwa, huenda ni utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo. Yote hayo yanataka daktari wa upasuaji, na yote hayataki kungoja.

Neno kwa mama mjamzito

Ugonjwa huu huwapata wanaume zaidi, lakini mwanamke mwenye mimba naye asijisahau. Mji wa mimba unapokua husukuma utumbo mpana juu, na kama utumbo huo ni mrefu huweza kuzunguka. Utumbo kujisokota ni moja ya sababu kubwa za kuziba kwa utumbo wakati wa mimba, hasa miezi mitatu ya mwisho. Tatizo ni kwamba dalili zake zafanana na mambo ya kawaida ya mimba: tumbo kubwa, choo kigumu, kichefuchefu, maumivu yanayokuja na kuondoka. Wengi hudhani ni uchungu wa kuzaa.

Basi mjamzito anayeumwa tumbo, anayetapika, na ambaye hapati choo wala upepo, asiambiwe kwamba ndiyo mimba ilivyo. Aende hospitali mara moja. Kwa Tanzania, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo kuomba usafiri wa dharura wa mjamzito.

Mambo ya kutofanya

Usimpe dawa ya kuharisha, iwe haluli au mizizi. Utumbo uliofungwa pande mbili haufunguliwi kwa kusukumwa, hupasuka. Usimwingize dawa kwa nyuma kwa bomba. Usimkande tumbo kwa nguvu wala kumchanja chale. Usimlazimishe kula au kunywa, hata uji mwepesi, kwa kuwa huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji usiku huo huo. Midomo ikikauka, ilowanishe kwa kitambaa chenye maji. Usimpe vidonge vya maumivu kisha ukakaa nyumbani kwa kuwa ametulia.

Badala yake tafuta usafiri. Chukueni kadi ya bima ya afya kama ipo, na fedha iliyoko. Waende ndugu wawili au watatu wenye afya, maana huenda damu ikahitajika. Andika saa maumivu yalipoanza, na saa ya mwisho aliyopata choo. Karatasi hiyo ndogo itamsaidia daktari kuliko hadithi ndefu.

Toka Manchira, mji wa Mugumu ndio wa karibu, na huko iko Hospitali ya Nyerere ya Kanisa la Mennonite. Musoma kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Bugando, Mwanza, inayohudumia Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971, ni safari ya saa nyingi kupitia Bunda. Kwa sababu hiyo safari ianze mapema. Mkifika zahanati kwanza na mkaambiwa mnapelekwa mbele, msirudi nyumbani "kujadiliana na ukoo." Jadilianeni ndani ya gari.

Na maombi? Ombeni, tena sana. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na hakuna aliyemwona kuwa mtu asiye na imani. Sala iliyoanzwa nyumbani yaweza kumalizikia njiani. Mungu asikiaye sebuleni asikia na juu ya pikipiki.

Hospitalini

Mgonjwa atawekewa maji kwenye mshipa, na mpira mwembamba utapitishwa puani hadi tumboni ili kutoa hewa na uchafu. Msiogope mkiona mipira. Ni ya kumpumzisha. Kisha atapigwa picha ya eksirei. Utumbo mpana uliojisokota huonekana katika picha hiyo kama punje kubwa ya buni yenye mstari katikati, na madaktari dunia nzima huuita hivyo, punje ya buni. Mama wa Tarime aliyechambua kahawa nyumbani angeitambua mara moja.

Kama ni utumbo mpana, na hakuna dalili kwamba umekufa, daktari huweza kupitisha mpira laini kwa nyuma hadi mahali ulipojisokota. Hewa hutoka kwa kishindo, tumbo hushuka, na mgonjwa huvuta pumzi kama aliyetua mzigo. Njia hii ilienezwa na daktari Mnorwei Bruusgaard mwaka 1947, nayo yatumika hadi leo.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana familia nyingi hukosea. Tumbo likishuka, mgonjwa husema amepona na kutaka kwenda nyumbani. Hajapona. Utumbo ungali mrefu vile vile, na kwa wengi hujisokota tena baada ya siku, miezi, au mwaka. Daktari akishauri kwamba abaki, apumzike siku chache, kisha ile sehemu ndefu ikatwe na kuunganishwa, mkubalini. Upasuaji unaofanywa kwa utulivu, mchana, mgonjwa akiwa na nguvu, una hatari ndogo kuliko ule wa usiku wa dharura.

Kama utumbo umekwisha kufa, au kama ni lile fundo, au ni utumbo mwembamba, hapana mpira. Ni chumba cha upasuaji moja kwa moja. Sehemu iliyokufa hukatwa. Mara nyingine daktari huunganisha hapo hapo. Mara nyingine huona si salama kuunganisha, akautoa mdomo wa utumbo kwenye ngozi ya tumbo, na choo kikawa kinaingia katika mfuko.

Mfuko huo huwatisha watu kuliko kisu chenyewe. Wako wagonjwa wanaokataa kutiwa sahihi karatasi kwa kuuogopa, na wako wanaojificha baadaye wasionekane kanisani. Mke mpendwa, mara nyingi mfuko huu ni wa muda. Baada ya miezi michache, nguvu zikirudi, utumbo huunganishwa tena. Kwa wakati huo kinachohitajika ni maji safi, sabuni, mfuko wa kubadilisha, na mke asiyekunja uso. Mume anaweza kula mezani na watu, kulala na mkewe, na kwenda ibadani. Akikuona wewe hukuona haya, naye haya itamtoka.

Akirudi nyumbani

Kwa wiki 6 hivi asibebe mzigo, asishike jembe, asiendeshe plau ya ng'ombe. Ndugu wamlimie. Ale kidogo kidogo mara nyingi. Kidonda kikitoa usaha, au tumbo likijaa tena, arudi hospitali asisubiri tarehe.

Na kwa wote waliomo nyumbani: mtu anayekwenda shambani abebe uji au viazi, asingoje mlo mmoja wa usiku. Wote wanywe maji kutwa nzima. Haja ikija, mtu aende; asiizuie. Watoto wapewe dawa ya minyoo kwa wakati. Na kijana ambaye tumbo lake hujaa, likakaza, kisha likafunguka lenyewe kwa upepo mwingi na kuharisha, asiseme "Ilipona yenyewe." Huenda utumbo ulijisokota na kujinyoosha. Apelekwe kupimwa angali mzima.

Tuirudie nyumba ile ya Manchira. Jua limezama, na wazee wamesema tungoje kupambazuke. Yule mke kijana anaingia, anapiga magoti karibu na kitanda, ananong'ona, "Baba watoto, tangu jana umepata choo?" Anatikisa kichwa. "Hata upepo?" Anatikisa tena. Mke anatoka nje, anamwendea mama mkwe wake kwa adabu, na kusema, "Mama, hili si chango. Naomba tuondoke sasa." Bibi anamtazama, kisha anaiweka sufuria ya mizizi chini na kumwita mwenye pikipiki.

Siku ya nne baada ya upasuaji, muuguzi anamwuliza mgonjwa lile swali la haya. Naye anajibu, "Ndiyo, sista, leo umetoka." Mkewe anafunika uso kwa kanga, anacheka na kulia pamoja. Sauti ambayo sisi akina mama huwafundisha watoto kuionea haya, siku hiyo ni habari njema kwa nyumba nzima.